Kimya na Mlango wa Masjala

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupaza sauti ili wengine wanyamaze. Hakimu akikaribia kuingia, yeye hutangulia, husimama kando ya kizimba, hujaza kifua hewa na kutamka neno moja: "Kimya!" Watu wakanyamaza. Watoto wachanga wakanyamaza. Siku moja hata jenereta la duka la jirani lilinyamaza, ingawa fundi alieleza baadaye kwamba lilikuwa limeishiwa mafuta. Neno hilo likamganda likawa jina. Lile alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa mhasibu na kwa mkewe, na mkewe nimemsikia akilitamka mara mbili tu, zote mbili akiwa amenuna.

Mimi nilikuwa karani wa masjala katika mahakama hiyohiyo. Masjala ni chumba cha nyuma kinachotunza majalada ya kesi, na Kimya alipita kwangu kila asubuhi kuchukua ya siku hiyo. Tulisalimiana, akabeba rundo lake, akaenda. Sikuwahi kumfikiria zaidi ya hapo, na nadhani hata yeye hakuwahi kunifikiria. Tulikuwa watumishi wa serikali.

Halafu wizara ikaleta mpango wa haki rafiki kwa mtoto. Barua ya kurasa sita ilieleza kwamba mtoto anayekuja mahakamani, awe ametendewa kosa au ameliona, asiogopeshwe na mahakama yenyewe. Hakimu avue joho. Mashauri ya watoto yasikilizwe faragha, katika chumba chenye zulia. Na awepo mtumishi mmoja wa kumpokea mtoto getini, kukaa naye na kumsindikiza mpaka mwisho. Mtumishi huyo, ilisema barua, awe "mwenye uzoefu wa kutosha na haiba ya upole."

Msajili wetu alikuwa mtu wa vitendo. Aliitazama ratiba ya likizo, akaona kwamba mwezi uliopangwa kwa mafunzo ya mtumishi huyo kila mtu alikuwa likizo isipokuwa Kimya.

"Uzoefu anao," alisema. "Upole atafundishwa."

Mafunzo yalichukua siku tatu, katika ukumbi wa kukodi. Mwezeshaji, mama wa makamo mwenye subira, aliwataka washiriki wote, mmoja mmoja, waseme sentensi moja kwa sauti ambayo wangeitumia kwa mtoto mwenye hofu. Zamu ya Kimya ilipofika, alisema, "Karibu mwanangu, usiogope." Katika ukumbi wa pili, palipokuwa na mkutano wa wauza bima, watu watatu walisimama.

"Tutairudia," alisema mwezeshaji.

Waliirudia mara kumi na moja. Siku ya tatu alipewa cheti kama wenzake wote, maana vyeti vilikuwa vimeshachapishwa.

Nyumbani aliendelea na mazoezi. Mkewe ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na alimsikia mume wake jioni nzima akinong'ona kwa kiti. Akamchemshia tangawizi.

"Koo limeanza lini?"

"Siumwi. Naongea kirafiki."

"Na nani?"

"Sasa hivi naongea na wewe."

Mkewe alimsogezea kikombe. "Kunywa kwanza," akasema.

Chumba cha watoto kilikuwa zamani stoo ya vielelezo. Mapanga na pikipiki za wizi vilihamishwa, likaletwa zulia la kijani, viti vinne vidogo, kasha la midoli na picha ukutani. Picha ilikuwa ya sungura, na aliyeichora alikuwa fundi aliyezoea kuandika matangazo ya madaktari wa meno. Sungura yule alikuwa na meno thelathini na mawili. Mtoto wa kwanza kuletwa chumbani humo alimwangalia, akarudi nyuma mpaka kwenye korido, na ushahidi wake ulichukuliwa akiwa kwenye gari la ustawi wa jamii. Baada ya hapo viti vikageuzwa kuutazama ukuta wa pili.

Shauri ninalotaka kulisimulia lilikuja mwezi wa nne wa mpango.

Alikuwa msichana wa miaka tisa. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, naye akachukuliwa na mama yake mdogo, aliyeolewa na mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na kila palipopita mchango, jina lake lilikuwa la kwanza. Jioni moja mtoto aliunguza shati la bwana huyo wakati wa kupiga pasi. Mwenye duka aliichukua pasi ingali ya moto, akamwambia, "Ngoja nikuonyeshe shati linavyojisikia," akamwonyesha, mgongoni.

Hakuna aliyejua kwa wiki tatu. Mtoto alipokwenda kwa bibi yake likizo, bibi alitaka kumsugua mgongo, mtoto akakataa kuvua nguo. Bibi hakumlazimisha. Alikaa kitako mlangoni mwa bafu mpaka maji yakapoa, na mtoto akavua mwenyewe. Asubuhi yake bibi alimpeleka hospitali, kisha polisi, akamshtaki mkwewe. Yule mama mdogo, binti yake wa pekee aliyebaki hai, hakuongea naye tena tangu siku hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanyeje nguo yenyewe ikiwa ni mwanao.

Afisa wa ustawi wa jamii, binti mmoja kijana aliyekuwa akitembea haraka kuliko pikipiki, ndiye aliyemleta mtoto siku ya kwanza pamoja na bibi. Kimya aliwapokea getini. Alichuchumaa kama alivyofundishwa, akajitambulisha kwa sauti ya kunong'ona, na mtoto akampa mkono. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa kwenye barua ya kurasa sita.

Lakini korido yetu ina benchi moja. Walalamikaji hukaa hapo, mashahidi hukaa hapo, na washtakiwa walio nje kwa dhamana hukaa hapo, kwa sababu benchi ni hilohilo. Mwenye duka alikuwa nje kwa dhamana. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, miguu kaikunja nne, anasoma gazeti.

Hakusimama wala hakutoa kitisho chochote. Alishusha tu gazeti kidogo na kusema, kwa upole ambao pengine ungempa alama nzuri kwenye mafunzo ya Kimya, "Siku hizi husalimii wakubwa?"

Mtoto alikuwa amelelewa kwa adabu. "Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba," alijibu mwenye duka, akarudi kwenye gazeti.

Mkojo ukamtiririka mtoto miguuni mpaka kwenye viatu. Bibi alivua mtandio wake akamfunga kiunoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na majalada mikononi, nikaona yote, na sikufanya kitu. Kimya naye alikuwa pale, futi sita na inchi mbili za mtumishi mwenye cheti, naye hakufanya kitu.

"Ningemkamata kwa kosa gani?" aliniuliza baadaye. "Kuitikia salamu?"

Chumbani mtoto alikaa kwenye kiti kidogo na hakusema lolote. Hakimu wetu, mama mwenye miwani minene, alikuwa amevua joho na kuvaa sweta la njano alilolinunua mahususi kwa mashauri ya watoto. Alimuuliza jina. Alimuuliza darasa. Alimuuliza kama anapenda kuchora. Dakika ishirini zikapita hivyo. Jioni niliposoma kumbukumbu za siku, ukurasa mzima ulikuwa na sentensi moja: "Shahidi hakusema kitu."

Wakili wa mshtakiwa aliomba shauri lifutwe kwa kukosa ushahidi. Hakimu alikataa, akaahirisha kwa wiki tano, akasema hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho.

Jumapili iliyofuata binti yake Kimya alikuja kula nyumbani. Ni mtu mzima, anauza katika duka la dawa, na huja kila Jumapili. Kimya hakuwa mtu wa kuleta kazi mezani, lakini siku hiyo alisimulia habari ya mtoto, bila majina, na akamaliza kwa kusema hawezi kuelewa. Bibi yupo, afisa yupo, hakimu ana sweta, kila mtu anamtakia mema. Kwa nini asiseme tu?

Binti yake alikuwa anamenya chungwa. "Unakumbuka nilipoumia sikio, darasa la tano?" aliuliza.

"Ulianguka kwenye ngazi."

"Sikuanguka. Mwalimu wa hesabu alinipiga kofi."

Mkewe aliacha kula. Kimya alimwangalia mwanawe.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia. Nilikuwa nangoja siku utakayorudi ukiwa unaongea polepole." Aligawa chungwa vipande, akampa baba yake kimoja. "Halafu likapona."

Kimya alikula kile kipande cha chungwa. Aliniambia hakukuwa na kitu kingine cha kufanya nacho.

Jumatatu nilifika kazini saa moja kasoro, nikamkuta kwenye korido amepiga magoti, kashika futi ya kushonea ya mkewe. Alikuwa anatembea kwa magoti kutoka getini kuelekea chumba cha watoto, na kila baada ya hatua kadhaa alisimama akaangalia mbele, kushoto na kulia. Mfagizi alikuwa ameegemea ufagio anamtazama. Hakuwa anacheka. Nadhani alidhani ni maombi.

"Umepoteza kitu, kaka?" nilimuuliza.

"Nataka kuona anachokiona mtu wa miaka tisa."

"Anaona nini?"

"Makalio," alisema. "Na pale getini, bunduki. Mdomo wa bunduki ya askari uko sawasawa na pua yake."

Niliinama kidogo nikaangalia. Alisema kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiiona korido kama sehemu yenye madirisha. Kutoka chini hapakuwa na dirisha hata moja.

Aliandika ripoti, ya kwanza na ya pekee maishani mwake, ukurasa mmoja. Alieleza kwamba kutoka getini hadi chumba cha watoto ni hatua sitini na mbili, kwamba mtoto akizitembea hupita mbele ya askari, mahabusu, msongamano na choo kisicho na kitasa, na kwamba benchi la mshtakiwa liko kwenye hatua ya arobaini. Aliomba mtoto asipite hapo. Msajili aliisoma na kuandika pembeni, kwa wino mwekundu, "Imeonekana," kisha akairudisha. Katika ofisi yetu neno hilo lilimaanisha kwamba jambo limekwisha.

Kimya alilielewa vingine. Kama imeonekana na haikukatazwa, basi imekubaliwa. Akaja masjala.

Masjala yangu ilikuwa na mlango wa pili, unaotokea uani, nyuma ya jengo, karibu na bomba la maji. Haukuwa umefunguliwa tangu nilipoajiriwa. Mbele yake palikuwa na kabati la chuma, na mbele ya kabati palikuwa na meza yangu ndogo, hita yangu ya maji, vikombe viwili na kiti chenye mto. Ukitokea uani kupitia pale, unavuka masjala na kuingia chumba cha watoto, kilicho jirani. Ni hatua tisa.

"Dada," alisema Kimya, "hilo kabati lina nini?"

"Lina kesi."

"Za nani?"

"Wengi wao ni marehemu."

"Basi hawataumia tukilisogeza."

Nilimwambia majalada ya serikali hayasogezwi ovyo, yana utaratibu wake. Nilimwambia mlango umeoza. Nilimwambia funguo zilipotea enzi za msajili wa tatu kabla ya huyu. Kila nililosema alilisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa ile sauti yake mpya ya chini ambayo ilikuwa inaudhi kwa sababu huwezi kuigombeza. Mwisho nikaishiwa na sababu, nikabaki na ile ya kweli.

"Hapo ndipo ninapokunywa chai," nilisema.

"Najua," alisema.

Nikakumbuka viatu vya yule mtoto. Tulilisogeza kabati siku hiyohiyo, mimi, yeye na mfagizi. Nyuma yake tulikuta mchwa, jalada la wizi wa mbuzi lililotafutwa miaka saba, na kitasa kilichohitaji nyundo. Kwa kuwa fundi wa kutengeneza mlango ndiye yule wa sungura, Kimya alimwomba pia amfunge mdomo yule mnyama. Fundi alimfunga. Sungura sasa hakuonyesha jino hata moja na alifanana na msajili, lakini hakuna mtoto aliyemkimbia tena.

Mtoto aliletwa Jumatano tatu mfululizo, siku ambazo hapakuwa na vikao, kupitia uani. Lengo, alieleza binti wa ustawi, lilikuwa azoee chumba, si kufundishwa cha kusema. Hilo sheria inakataza. Kimya alilishika sana hilo la kutofundisha. Jumatano ya kwanza alikaa kwenye kiti kidogo, magoti yakamfikia masikioni, na hakufundisha kitu kwa saa nzima. Mtoto naye akakaa. Bibi alisinzia. Mimi niliwapa magamba ya majalada ya zamani wachoree, na mtoto akachora nyumba, na Kimya, asiyejua kuchora, akachora nyumba nyingine iliyofanana na boksi la viatu.

Jumatano ya pili ilikuwa hivyohivyo. Binti wa ustawi alianza kuuma kucha.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alinong'ona akipita kwangu, kujipa moyo.

"Ni yupi unamsema?" nilimuuliza, maana walikuwa wawili.

Jumatano ya tatu mtoto aliweka penseli chini. Aliongea bila kumwangalia mtu.

"Nikimwona tena, lazima nimwamkie?"

Kimya aliniambia kwamba aliyapitia mafunzo yote ya siku tatu kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na hilo halikuwemo. Angeweza kusema hapana. Lakini alijua kwamba hapana yake ilikuwa ya mtu wa mahakamani, na heshima ya mtoto hailetwi na mahakama, inatoka nyumbani. Akamgeukia bibi.

Bibi alikuwa amefungua macho. Alikuwa mama aliyelea watoto wake kwa salamu, wa aina ya kumrudisha mtoto kutoka shuleni kwa sababu kampita jirani bila kumwamkia. Alifunga upya mtandio wake.

"Huyo, hapana," alisema. "Na mtu akikuuliza nani kakuruhusu, mwambie bibi."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, akaokota penseli, akachora moshi juu ya nyumba yake.

Siku ya shauri mwandishi wa kumbukumbu alikuwa mgonjwa, nikaitwa mimi kuandika. Ndiyo maana nayajua yaliyosemwa, ingawa kikao kilikuwa cha faragha. Mtoto aliingia kupitia masjala, hatua tisa, akimshika bibi mkono mmoja na Kimya mwingine. Mwenye duka alikuwa chumba cha jirani pamoja na askari, akisikiliza kwa kipaza sauti. Alikuwa na haki ya kusikia kila neno. Haki ya kuonekana hakuwa nayo.

Hakimu, mwenye sweta lake la njano, alimuuliza kama anajua kusema ukweli ni nini. Mtoto alifikiri. "Ni kusema hata kama hawataki," alisema. Hakimu aliniambia niandike hivyohivyo, na niliandika.

Mwendesha mashtaka aliuliza maswali manne mafupi, na mtoto akaeleza. Alipewa mashati matano ya kupiga pasi. Likaongezwa la sita, jeupe. Alikuwa amechoka na akaiacha pasi juu yake. Akasimulia yaliyofuata kwa sentensi tatu, kwa sauti ambayo ilinibidi nisogeze kiti ili niisikie. Kimya alikuwa amekaa pembeni yake, kidevu kimegusa magoti. Kazi yake pale ilikuwa moja, kuinua mkono kama mtoto hajaelewa swali.

Wakili alisimama. Alikuwa kijana mwenye suti ya gharama, na kwa bahati mbaya suti hiyo ilikuwa imemfunza kuongea.

"Je, si kweli kwamba huwezi kukataa kuwa mshtakiwa hakuwa na nia ya kutokukujali?"

Mtoto alimwangalia Kimya. Kimya aliinua mkono.

"Shahidi hajaelewa?" aliuliza hakimu.

"Mheshimiwa, hata mimi," alisema Kimya.

Wakili alijaribu tena, sentensi ikawa ndefu zaidi, na katikati yake akasimama kutafuta mwanzo ulikuwa wapi. Hakimu alimshauri aulize kama anavyomuuliza mdogo wake. Wakili alilegeza tai.

"Pasi ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Juu ya meza."

"Meza ina urefu gani?"

Mtoto alisimama, akaweka kiganja kifuani, chini kidogo ya kidevu. "Hapa."

"Mimi nakuambia kwamba siku hiyo uliteleza, ukaanguka, ukaangukia pasi. Ndivyo ilivyokuwa?"

Mtoto alilipokea swali kwa makini, kama mtu aliyepewa hesabu na kuona kuna namba imekosewa.

"Nikianguka nakwenda chini," alisema. "Pasi ilikuwa juu."

Nilimaliza kuandika, nikaweka nukta. Wakili alisema hana swali lingine. Kutoka kwenye chumba cha jirani tulisikia kiti kikisogezwa, kisha basi.

Nje, uani, mtoto aliomba maji. Kimya alimfungulia bomba, naye akanywa kwa viganja kwa muda mrefu, akalowanisha kola. Bibi alimsimamia bila kumkataza. Binti wa ustawi alikuwa amegeukia ukuta, anapenga kamasi.

Hukumu ilitoka baada ya miezi miwili. Mwenye duka alipatikana na hatia ya kumjeruhi mtoto. Shtaka la pili, la kumfanyisha kazi nzito na kumnyima matunzo, lilianguka, kwa sababu shahidi wake pekee alikuwa mama mdogo, naye alikuja, akala kiapo, na kusema hakumbuki. Mwenye duka alifungwa miaka mitatu. Alikata rufaa, ikapunguzwa kuwa miwili. Kwenye kamati ya shule nafasi yake iliachwa wazi kwa muda, wakiamini atarudi.

Bibi alikuja kwangu wiki moja baada ya hukumu kuomba nakala yake. Nilidhani ana mpango wa rufaa yake. Hapana. Majirani walikuwa wanasema mkwewe kafungwa kwa uongo wa mtoto, naye alitaka karatasi. Hakujua kusoma, akaniomba nimsomee ukurasa wenye maneno ya mjukuu wake. Nilimsomea, nimesimama. Alisikiliza kichwa kimeinama upande.

"Ndivyo anavyoongea," alisema, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani.

Mpango ulidumu miaka mitatu, kisha fedha zake zikaisha. Kabla haujafungwa, wizara ilituma fomu ya tathmini. Kulikuwa na kisanduku kilichosema: "Idadi ya watoto walioondoka wakiwa na furaha." Kimya aliandika sifuri. Msajili alimwita, akamweleza kwamba sifuri haipendezi, ingeharibu takwimu za kanda.

"Mheshimiwa, ni mahakama," alisema Kimya. "Hakuna anayeondoka na furaha. Hata wanaoshinda."

"Sasa tuandike nini?"

"Waliosema. Niliwahesabu. Ni arobaini na mmoja."

Hapakuwa na kisanduku cha waliosema. Msajili alikichora mwenyewe kwa rula, chini kabisa ya ukurasa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akagonga muhuri.

Kimya aliendelea na kazi hiyo bila mpango, miaka mingine minne, mpaka alipostaafu. Aliyepewa nafasi yake ni mama mmoja aliyekuwa askari magereza, mkakamavu, mwenye daftari jipya, na Kimya aliombwa arudi wiki mbili kumwelekeza. Niliwasikia wakiongea asubuhi ya kwanza, maana chumba kiko pua na mdomo na masjala.

"Mtoto akikataa kabisa kuongea," aliuliza yule mama, "nifanye nini?"

"Kaa."

"Halafu?"

"Endelea kukaa."

Yule mama alingoja kuona kama kuna la tatu. Halikuwepo. Akafungua daftari, akaandika tarehe, akapiga mstari chini yake, na kuandika: "Kukaa."